Kadi nne za grafiksi, monita nne, Pentium II moja: shajara ya mradi

Jumamosi asubuhi

Wakuu, hii mashine ilikuwa imelala stoo kwa mzee mmoja Magomeni. Pentium II ya 400 MHz, mazabodi ya chipseti ya Intel 440BX, ile ya 1998, ina sloti moja ya AGP, ile ya kadi ya grafiksi tu, PCI nne za kadi za kila aina, na ISA mbili, zile za kizamani zaidi. Wengi wakiiona wanakwambia kauze kwa kilo, mi nilivyoziona tu zile ISA nikajua leo siondoki mikono mitupu.

Ninachotaka ni Windows 98 SE iendeshe monita tatu kama meza moja pana, halafu hilo likikubali nichomeke kadi ya Hercules, ile ya zamani ya rangi moja, kwenye ISA pamoja na monita ya kijani, nidibagi (nitafute makosa ya kodi) programu za DOS, ule mfumo wa kuandika amri wa kabla ya Windows, vile walivyokuwa wanafanya wazee wa kazi, mchezo skrini hii kodi skrini ile. Windows 95 haikuwa na hii kitu ya monita nyingi, ilikuja na 98, na kwa maandishi inakubali hadi monita 9. Kwa maandishi lakini.

Kadi nilizonazo: Matrox Millennium G200 ya AGP yenye MB 8, S3 ViRGE/DX ya PCI yenye MB 4, na Cirrus Logic GD5446 ya PCI yenye MB 2. Zote miguu ya shaba ilikuwa imefubaa, si unajua Dar na chumvi yake, nikazipiga na ufutio wa penseli taratibu halafu spiriti kwenye kitambaa, zikang'aa. Kama una kadi ya zamani inazingua anza na hapo kabla hujamtafuta mchawi.

Jumamosi mchana

Nimeweka G200 na ViRGE, monita ya inchi 17 kwenye G200, ya inchi 15 kwenye ViRGE. Nikawasha. Picha ikatokea kwenye ki-15 cha ViRGE, ile kubwa nyeusi tii, hata taa yake ikabaki ya njano. G200 ni nzima, nikiiweka peke yake inawaka vizuri tu.

Sasa hapa ndio pa kuelewa maana mambo mengine yote yanaanzia hapa. Kadi yoyote ya VGA, mtindo wa IBM ambao kadi zote hizi tatu zinaufuata, inataka anwani zilezile (zinaandikwa kwa heksadesimali, ndio maana zina herufi), memori kuanzia A0000 mpaka BFFFF na bandari za 3C0 mpaka 3DF, hizo zimepangwa tangu enzi za IBM na hazihami. Kadi mbili zikijibu kwa pamoja ni vurugu, ni sawa na mtaa mmoja kuwa na wenyeviti wawili na kila mmoja ana muhuri wake. Kwahiyo BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows, inachagua kadi moja tu, inaipa hizo anwani, inaiamsha, na zingine zote zinabaki zimelala mpaka Windows ije iziamshe kwa draiva zake, yani programu za kuziendesha. Ile iliyochaguliwa ndio kadi kuu, na kwenye Windows 98 huwezi kubadilisha hilo ukiwa ndani ya Windows, hata ukibofya mpaka kipanya kife. Windows 2000 ndio unaweza kuchagua mwenyewe.

Kwenye BIOS za Award kuna mstari unaitwa Init Display First, unachagua PCI au AGP. Hii yangu ilikuwa PCI, na nimeona mashine nyingi za wakati ule zinakuja hivyohivyo. Nikaweka AGP, nikahifadhi, ikawaka kwenye monita kubwa. Kama una kadi mbili za PCI bila AGP huo mstari haukusaidii, hapo inategemea sloti ipi BIOS inaanza kuikagua, unabadilishana tu nafasi za kadi mpaka uipate unayoitaka.

Jumamosi usiku

Windows imeiona ViRGE ikaipa jina la jumla, Standard PCI Graphics Adapter, nikampa draiva ya S3, ikaomba kuristati. Nikaristati. Kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, alama ya mshangao ya njano juu ya ViRGE. Nikafungua nisome, inasema eneo la memori linalotumiwa na video limeshikwa na programu nyingine, niondoe EMM386 au meneja mwingine wa memori kwenye CONFIG.SYS.

Nikafungua CONFIG.SYS, faili la maagizo linalosomwa mashine ikianza. Mzee wa watu alikuwa anacheza gemu za DOS huyu, maana kulikuwa na huu mstari:

DEVICE=C:\WINDOWS\EMM386.EXE NOEMS I=B000-B7FF

Waliocheza gemu za DOS wanaujua huu ujanja. Eneo la B000 mpaka B7FF ni la kadi za monokromu (rangi moja), na kama huna kadi hiyo pamekaa wazi tu, KB 32 za bure, kwahiyo unaiambia EMM386 ipachukue ili memori ya chini ya KB 640 ipumue, uweze kupakia draiva ya mausi na ya CD bila gemu kulalamika. Kwa kadi moja hakuna shida kabisa. Ila Windows inapotaka kuamsha kadi ya pili inahitaji kulichezea eneo lote la video kwa muda, kuizima kuu, kuiamsha ya pili, kurudisha, na ikikuta kuna mtu amejenga nyumba humo inaacha.

Sikuufuta moja kwa moja maana na mimi hizo gemu nazitaka. Nimeweka menyu kwenye CONFIG.SYS, chaguo moja la Windows lisilo na EMM386, lingine la gemu lenye EMM386 kama alivyoacha mzee. Nikaristati kwa chaguo la Windows, na kile ki-15 ambacho siku nzima kilikuwa giza kikaandika maneno meupe juu ya weusi, kwamba kama unaweza kusoma ujumbe huu basi Windows imefanikiwa kuiamsha kadi hii, nenda Control Panel ukaiunge. Nimekaa naisoma ile sentensi kama barua ya kuitwa kazini. Nikaenda Display, Settings, nikabofya kimraba cha namba 2, nikaweka tiki ya kupanua meza, basi, mausi ikavuka kutoka skrini moja kwenda nyingine.

Jumapili

Leo zamu ya Cirrus. Nimeichomeka PCI ya tatu na kimonita bapa cha inchi 15. Mashine inaanza vizuri, nembo ya Windows inatokea, halafu ghafla inasema haina memori ya kutosha kuanzisha Windows. Memori haitoshi! Mashine ina MB 768, kwa mwaka 1998 hiyo ilikuwa mali ya benki.

Tatizo ni kwamba ziko nyingi mno. Windows 98 ina sehemu inaitwa Vcache ya kutunza mafaili yaliyosomwa, na inapoona memori nyingi inajitengea anwani nyingi kulingana na hizo. Sasa zile anwani zinatoka kwenye fungu lilelile ambalo Windows inalitumia kwa ajili ya draiva na dirisha la AGP (AGP Aperture), zile anwani zinazotengwa kwa kadi ya AGP, na fungu lina mwisho. Kwenye kadi mbili ilikuwa inapenya kwa shida nadhani, ya tatu ikaja kumaliza. Juu ya MB 512 hili tatizo linajulikana hata bila kadi nyingi. Dawa ni kufungua SYSTEM.INI, faili la mipangilio ya Windows, sehemu ya vcache, unaandika:

MaxFileCache=262144

Hiyo ni kwa KB, yani isizidi MB 256. Nikapunguza pia AGP Aperture kwenye BIOS kutoka 256 hadi 64. Ikawaka. Halafu baadae nikachomoa kabisa kipande kimoja cha memori nikabaki na MB 512, maana kwa Windows 98 sioni kinachokula hata nusu ya hizo, na sipendi mashine inayosimama kwa kuegemea mstari mmoja wa maandishi.

Cirrus yenyewe haikuleta maneno, Windows ilikuwa na draiva yake tayari. Ina MB 2 tu kwahiyo hesabu inabana: 1024 kwa 768 kwa rangi za biti 16 ni kama MB 1.5, inaingia, ukitaka biti 24 ni MB 2.25, haiingii, inabidi ushuke 800 kwa 600. Windows inakubali kila monita iwe na rezolusheni yake na rangi zake kwahiyo sijaumia, hicho kimonita kinakaa na nyaraka tu.

Jumatatu usiku

Monita kubwa inatetemeka. Sio kutetemeka sana, ni picha inapepea kwa pembeni upande wa kushoto kama kitu kilicho chini ya maji, ukikaa nusu saa kichwa kinauma. Nikashuku G200, nikabadilisha kebo, nikabadilisha draiva, wapi. Nikaipeleka monita chumba kingine kwenye laptopu, imetulia tuli. Nikairudisha mezani, inapepea.

Kushoto kwake kulikuwa na stabilaiza.

Stabilaiza ndani yake ni transfoma, na transfoma inamwaga sumaku kwa hezi 50 za umeme wetu. Monita ya kioo cha mgongo inachora picha kwa kupinda miale kwa sumaku, kwahiyo sumaku yoyote ya jirani inaipinda pia. Kama skrini inachora kwa hezi 60 na transfoma inapiga 50, tofauti yake ni 10, na hiyo 10 ndio unaiona kwa macho, picha inayumba mara kumi kwa sekunde. Nikaishusha stabilaiza sakafuni, mbali na miguu ya meza, kupepea kukaisha karibu kote.

Karibu, maana zilikuwa zimebaki monita mbili za mgongo bega kwa bega, moja kwenye hezi 60 nyingine 75, na zenyewe zina koili ndani zinazosumbuana vilevile. Nikataka zote ziwe 75. Ile kubwa ilikuwa tayari 75, ki-15 Windows haikunipa hata hiyo nafasi, inasema monita haijulikani. Kumbe kebo yake pini zimekatika, na sio zozote, ni namba 12 na 15, ambazo ndizo monita inatumia kujitambulisha kwa kompyuta. Picha inapita kama kawaida kwa pini zingine ila kompyuta haijui inaongea na nani, kwahiyo inakaa kwenye 60 kwa usalama. Unaenda Change kwenye sehemu ya monita unaichagulia mwenyewe aina ya kawaida ya 1024 kwa 768 ya hezi 75, lakini hakikisha nyuma ya monita imeandikwa inaweza, zile za zamani ukizilazimisha masafa zisiyoyaweza zinapiga kelele ya nyembamba na usipowahi kuzima unaagana nayo.

Sasa zote 75, nimeziachanisha kidogo, zimetulia.

Alhamisi

Siku za katikati nimekuwa naitumia tu. Mengi yanakubali. Yasiyokubali: VCD ukiisogeza dirisha lake kwenda monita ya pili picha inakuwa nyeusi, sauti inaendelea, kwasababu ile kazi ya kuchora video inafanywa na kadi kuu kwenye eneo lake maalum na kadi ya jirani haina habari. DOS ya fulu skrini inafunguka kwenye kuu tu. Na ukiweka monita kushoto ya ile kuu, Windows inahesabu pikseli zake kwa namba hasi, programu nyingi za zamani hazijawahi kusikia namba hasi, menyu zinafungukia skrini nyingine kabisa. Nimezihamishia zote kulia, yameisha.

Jumamosi

Siku ya Hercules. Hii kadi asili yake ni 1982, inachora pikseli 720 kwa 348 kwa rangi moja, ina KB 64, na maandishi yake ni yaleyale ya kadi ya monokromu ya IBM ya 1981. Yangu ni kopi, haina hata jina la mtengenezaji. Monita yake ina plagi ya pini 9 na hapo kuwa makini sana, CGA, kadi ya rangi ya IBM ya enzi hizo, nayo ina pini 9 zinazoingia vizuri kabisa lakini masafa ni tofauti, hii inataka kama kHz 18 na CGA inatoa kama 15.7, ukikosea unaweza kuchoma monita ambayo hupati nyingine.

Uzuri wa hii kadi ni kwamba haigombani na VGA, yenyewe inakaa B0000 na bandari za 3B0 kwenda mbele, na VGA ikiwa kwenye rangi inaandika maandishi yake B8000. Ndio maana zamani wapiga kodi walikuwa nazo zote mbili kwenye mashine moja. Mstari wa EMM386 wa mzee haufai hapa kwa sababu ileile, eneo ni hilohilo, kwahiyo nikaongeza chaguo la tatu kwenye menyu, DOS tupu.

Nikawasha, nikaandika MODE MONO, amri ya kuhamia skrini ya monokromu, kialama cha DOS kikapotea kwenye skrini ya rangi kama inavyotakiwa, ila monita ya kijani haina kitu. MODE CO80 kwa kubahatisha gizani nikarudi kwenye skrini ya rangi. Nikaingia DEBUG, programu ya DOS ya kusoma na kuandika memori, nikajaza lile eneo kwa mkono:

f b000:0 l fa0 41 07

FA0 ni baiti 4000, yani herufi 80 kwa mistari 25 na rangi zake, skrini nzima ilitakiwa ijae herufi A. Hamna. Nikasoma palepale kwa d b000:0, ikarudi FF FF FF mstari mzima. Hiyo FF ni jibu la nyumba isiyo na mtu, maana hata kama monita ingekuwa mbovu, memori ya kadi ingenirudishia 41 07 niliyoandika. Yani data haifiki kabisa kwenye kadi.

Nikatoa kadi, nikafuta miguu tena, nikabadilisha sloti ya ISA, FF. Nikaiweka kwenye 486 ya jirani, inafanya kazi. Hapo ndio nikakaa chini na karatasi za chipseti za Intel. Kwenye 440BX, kadi ya AGP ikiwa ndio kuu, daraja la chipseti, linaloamua anwani iende wapi, linapeleka eneo lote la A0000 mpaka BFFFF kwenye AGP, pamoja na B0000 ambayo G200 wala haina shida nayo. ISA iko upande mwingine wa mashine, chini ya PCI, haisikii chochote. Intel walilifikiria hili, kuna biti (swichi ndogo ya ndani) kwenye rejista za chipseti inaitwa MDA Present, ikiwashwa ile sehemu ya monokromu inaruhusiwa kuteremka PCI mpaka ISA. BIOS yangu haijaiwasha na hakuna mstari wa kuiwasha.

Unaweza kuandika kiprogramu cha kuiwasha hiyo biti kila ukianza DOS. Mi nimechukua njia nyingine, nimerudi kwenye Init Display First nikaweka PCI. Sasa ViRGE ndio kuu. Yenyewe iko kwenye PCI, inajibu anwani zake za rangi tu, na zile za B0000 zisizo na mwenyewe PCI nzima zinateremka zenyewe mpaka ISA, ndivyo mashine za hizi zilivyojengwa. Nikaingia DEBUG, nikajaza tena, nikasoma, 41 07 41 07 41 07. MODE MONO, na kile kialama cha DOS kikatokea kijani upande wa pili, kikubwa, kinene, kinapepesa.

Bei yake ni kwamba Windows iliona kadi kuu imebadilika ikaanza kuzitafuta upya, G200 na ViRGE zote nikazipa draiva tena, na kwa gemu za 3D kadi kuu sasa ni ViRGE ambayo kwa 3D ni mzigo, wenyewe walikuwa wanaitania kwamba inapunguza kasi badala ya kuongeza. Kwa DOS lakini ViRGE ni kati ya kadi zinazoelewana na kila kitu, na mashine hii DOS ndio kazi yake. Anayetaka 3D atabadilisha mstari mmoja wa BIOS, hauli hata dakika.

Jumapili

Turbo Debugger, programu ya kudibagi, ina swichi ya -do, inamwambia akae kwenye skrini ya pili. Nina kiprogramu changu cha modi 13h, 320 kwa 200 rangi 256, kinachosogeza nyota, na kilikuwa kinaacha uchafu. Skrini ya rangi nyota zinatembea, skrini ya kijani rejista na kodi, nabonyeza F8 hatua kwa hatua na baada ya kila hatua naiona pikseli inavyobadilika palepale bila skrini kupepesuka. Nikaiona DI, rejista inayoshika nafasi ya pikseli inayochorwa, inafika 64000 na kuendelea, wakati picha inaishia 63999. Kwenye monita moja ningeipata pia, ila ningekuwa narukaruka kati ya picha na kodi mpaka nichoke.

Kimebaki kitu kimoja. Printa imeacha kuchapa tangu jana. Kadi ya Hercules ina bandari ya printa mgongoni kwenye anwani 3BC, na BIOS inapohesabu bandari inaanza na 3BC kabla ya 378, kwahiyo ya Hercules imekuwa LPT1, yani bandari ya kwanza ya printa, na ile ya mazabodi iliyochomekwa printa imesukumwa kuwa LPT2. Kwenye kopi yangu hakuna jampa ya kuizima. Nimeingia kwenye setingi za printa nikaihamishia LPT2, ukurasa wa majaribio umetoka, na kwa programu za DOS zinazong'ang'ania LPT1 nitahamisha waya wa printa nyuma ya Hercules nione kama inachapa.